SOMO: Kupiga picha ndege wa Mida Creek ukiwa kwenye kibanda cha kujifichia, kwa jua peke yake bila flashi

Salam wadau. Wengi mmeniuliza inboksi zile picha za ndege weupe nilizipataje wakiwa karibu vile, jibu ni kwamba sikuwafuata, walikuja wenyewe. Ndege wa pwani ukimfuata atakupa mgongo tu. Kazi yako ni kujua atasimama wapi na saa ngapi, ukamtangulie.

Mi napigia Mida Creek, Watamu, kaunti ya Kilifi. Ndege ninayemzungumzia zaidi ni yule mweupe wa mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa, kitaalamu Dromas ardeola. Huyu anazaa huko Oman, Ghuba na pande za Bahari ya Shamu, anachimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu, alafu msimu wa kaskazi anashuka kwetu na mtoto wake. Wako pia vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani, wa kila aina, wengine wametoka mpaka Siberia.

Hatua ya 1: Soma maji kabla ya kushika kamera

Maji yakipwa ndege wametawanyika kwenye matope, huwapati. Yakijaa yanawasukuma mpaka wanabaki na kipande kidogo cha mchanga, na hapo ndipo unapowangojea. Sasa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi mpevu au mwandamo, maji kwetu hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo ukihesabu siku ya 3 mpaka ya 5 baada ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yanajaa kati ya saa kumi na mbili unusu na saa mbili asubuhi, yaani jua linachomoza na ndege wanasogezwa kwako wakati mmoja. Ukichelewa zaidi ya hapo unaingia maji mafu, hayapandi vya kutosha na ndege hawana haja ya kusogea. Thibitisha na jedwali la maji, au muulize mvuvi, huwa hawakosei.

Hatua ya 2: Jua liwe mgongoni

Asubuhi kaa upande wa mashariki uangalie magharibi. Kuna faida nyingine ambayo ilinichukua misimu miwili kuielewa: ndege akisimama huelekeza uso kwenye upepo, na kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo wanakuangalia wewe, na wakiruka wanaanza kwa kuja upande wako. Huku kwetu jua linapanda haraka mno, ikifika saa tatu mwanga umeshakuwa mkali, kivuli cheusi chini ya tumbo, bas hapo pumzisha kamera.

Hatua ya 3: Kibanda

Fito sita, kamba, gunia au kitambaa cha kaki, juu makuti makavu. Mikoko usikate hata tawi. Kisha ruhusa, eneo hili ni hifadhi ya bahari, ongea na KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) na wanakijiji kabla hujachomeka fito hata moja. Kibanda kiwe kifupi, unakaa chini kabisa lenzi ikiwa kama sentimita 40 kutoka ardhini, manake picha ya ndege inapendeza ukiwa usawa wa jicho lake. Kaza kitambaa kisipepee, kikipepea hawatui.

Na hili nawaomba mlishike. Kibanda changu cha kwanza nilizungushia neti ya kivuli pande zote, nikaona niko safi, kumbe jua lilikuwa nyuma yangu na kila nikiinua mkono kivuli changu kinachorwa kwenye neti ya mbele kama sinema. Kundi zima likaruka mara tatu asubuhi moja, nikafungasha nikaondoka nimeumia roho. UKUTA WA NYUMA uwe mzito usiopenya mwanga, gunia mara mbili au turubai la kijani. Mbele acha tundu la lenzi, shonea kitambaa kama mkono wa shati uivike lenzi.

Kisimamishe siku 4 au 5 kabla hujaingia, wakizoee kikiwa kitupu.

Hatua ya 4: Ingia gizani

Saa kumi na moja alfajiri uwe ndani. Maji ya kunywa, mfuko wa mchele wa kulazia lenzi, kanga ya kukalia. Simu zima, sio sailenti, kioo kikiwaka wanakiona.

Hatua ya 5: Setingi

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Ndege ni mweupe, matope nyuma yake ni meusi, kamera inaona giza inaongeza mwanga na ndege anaungua anakuwa karatasi, manyoya hayaonekani hata moja. Nenda manual, yaani upange mwanga mwenyewe. Jua likiwa wazi saa mbili anzia f/8 (tundu la lenzi), shata 1/1600 (kasi, sehemu ya sekunde), ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), alafu washa ile alama ya kumetameta kwenye sehemu zilizoungua, ikimeta kifuani ongeza kasi ya shata. Jua likichomoza tu mwanga bado ni mdogo, panda ISO mpaka 1600 usiogope chenga, zile nukta nukta kwenye picha. Fokasi kwenye jicho, kwa huyu ni kazi kidogo manake jicho jeusi limezungukwa na weusi, subiri ageuze kichwa mwanga uingie uone kanukta keupe ndani ya jicho, hapo bonyeza.

Mwaka jana mmoja alisimama mbele yangu kama mita nane na mtoto wake, mtoto ana mgongo wa kijivu, anafuata nyuma analia filimbi bila kukoma. Mzazi akachomoa kaa, akamtikisa mpaka mguu mmoja ukadondoka, akampa. Fremu 14, nzuri ni mbili.

Hatua ya 6: Kutoka

Usitoke maji yakiwa juu. Wale wanapumzika, na wanaweka mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, ukiwarusha unawachomea akiba. Ngoja maji yapwe watoke wenyewe kwenda kula, hata kama mgongo unauma.

MASWALI

Mdau wa Tanga: Mkuu, nina lenzi ya milimita 300 tu, inatosha?
Inatosha ndugu yangu, kibanda ndicho lenzi yako. Sogeza kibanda karibu na mchanga wanaposimama, ila uweke juu ya alama ya maji ya bamvua la sivyo utaogelea na kamera.

Mdau wa Naivasha: Sisi tuko ziwani hatuna maji kujaa na kupwa. Tufanyeje?
Tafuta kijiti anachopenda kutua mdiria, utakijua kwa kinyesi cheupe. Weka kibanda jua likiwa mgongoni, mengine ni yaleyale. Gari pia ni kibanda kizuri, zima injini lakini, inatikisa lenzi.

Dada wa Mombasa: Nikipiga sauti ya ndege kwenye simu si watakuja haraka?
Hapana dada, tafadhali usifanye. Anaacha kula anakuja kupigana na ndege ambaye hayupo. Na viota pia tusivisogelee, mzazi akikimbia kunguru anamaliza kila kitu.

Mdau wa Tanga: Asante mkuu. Msimu unaisha lini?
Mwezi wa nne wengi wanaondoka, wa nane mwishoni wanaanza kurudi. Lakini usikose mwisho wa mwezi wa tatu, vitwitwi wale wa Siberia wanaanza kugeuka rangi ya matofali kifuani, na kwa jua la saa moja asubuhi ile rangi inawaka.