Mtaro wa kina kirefu unaua mpunga, si mbegu

Kila msimu naitwa kuangalia mpunga uliogeuka rangi ya kutu, na lawama zote hutupiwa mbegu. Mbegu haina kosa. Mkulima kachimba mtaro wa mita nzima ili maji yatoke upesi, akafukua tope ambalo halikupaswa kuguswa.

Chini ya mashamba mengi yanayofikiwa na maji kujaa na kupwa, hasa palipokuwa na mikoko, kuna tope laini la kijivu linalonuka yai viza. Ndani yake mna pairaiti, madini ya chuma na salfa. Likibaki majini halina neno. Likipata hewa, hutoa asidi ya salfuriki, pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) hushuka chini ya 4, chuma na alumini huyeyuka na mizizi huungua. Baadhi ya aina za mpunga ziitwazo Inpara, zilizozalishwa Indonesia kwa ajili ya mashamba ya namna hii, huvumilia chuma kingi, lakini uvumilivu wake una mpaka.

Kwa hiyo pima kabla ya kuchimba. Toboa ardhi hadi mita 1, sehemu kadhaa za shamba, uandike tope la kijivu limeanzia wapi. Ukiwa na shaka, chukua bonge, litandaze unene wa sentimita 1, liache penye hewa likiwa na unyevu, na upime pH kila wiki. Ikishuka hadi 4 ndani ya wiki 8, ndilo lenyewe.

Sakafu ya mtaro ibaki sentimita 20 juu ya tope hilo. Umelikuta kwenye 50? Chimba 30, basi. Ndani ya jaruba, yaani kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta, vijitaro vya kina cha sentimita 20 na upana wa 20, kimoja kila baada ya mita 6 hadi 8, vinatosha kuondoa asidi shambani. Tumieni kijiti chenye alama, jamani! Kukadiria kwa macho ndiko kunakowaponza.

Kusafisha shamba kwa maji kunafuata mwezi wa angani. Anza wiki 2 kabla ya kupandikiza. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, ingiza maji yasiyo na chumvi kwa mtaro mmoja, yakipwa yatokee mwingine. Ukitegemea mtaro mmoja, asidi uliyoiondoa itarudi na maji yanapojaa. Maji mafu yakifika, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, funga lango la mtaro na utunze maji jarubani. Kipimo cha chumvi majini kikizidi 3 dS/m (desisimensi kwa mita, namba inayosomwa kwenye kifaa cha kupimia chumvi), usifungue hata kama ni bamvua, kwani miche michanga na mpunga unaochanua haviwezi kustahimili.

Ukiona utando unaong'aa juu ya maji, uguse kwa kijiti. Ukikatika vipande vipande, ni chuma: badilisha maji kwanza, mbolea ingoje. Mizizi mipya ikitoka myeupe, uko sawa.

Baada ya kuvuna, funga lango ili kiangazi kisilikaushe tope. Aliyekwisha kuchimba kupita kiasi aweke kizuizi cha mbao mtaroni, maji yapande yalifunike tena, na tope alilolitupa ukingoni asilisambaze shambani.