Somo: Spesa ya inhela kwa chupa ya nusu lita

Wengi wenye pumu ya mzio hulalamika kuwa inhela haiwasaidii, kumbe dawa inaishia kooni. Ukijipulizia moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa hugonga nyuma ya koo ukaimeza. Spesa, chombo kitupu kinachokaa kati ya inhela na mdomo, huituliza dawa kwanza, nawe ukaivuta taratibu. Kama ya dukani ni ghali, chupa ya maji ya mililita 500 inafaa; watafiti wa Afrika Kusini waliijaribu kwa watoto ikafanya kazi.

1. Osha chupa kwa maji yenye sabuni ya vyombo. Usiisuuze ndani wala kuifuta, iache ikauke yenyewe. Ukiisugua kwa kitambaa, plastiki huvuta dawa ikanata ukutani. Suuza mdomo wa chupa tu.

2. Kunja waya mnene ulingane na mdomo wa inhela, uchome hadi uwe mwekundu, ubonyeze kitakoni mwa chupa. Kisu hutoboa ovyo na dawa itavuja. Fanyia nje, mwenye pumu akae mbali: moshi wa plastiki utamwamshia hiyo hiyo pumu.

3. Chomeka inhela ibane. Penye mwanya, ziba kwa plasta.

4. Tikisa inhela. Toa pumzi, bana mdomo wa chupa kwa midomo, bonyeza mara moja, vuta polepole, zuia pumzi sekunde 10. Mtoto apumue kawaida mara 5 au 6 humo humo. Kabla ya mpulizo wa pili, subiri nusu dakika, tikisa tena. Kubonyeza mara mbili kwa mkupuo ni kupoteza dawa.

Swali: Mtoto wangu ana miaka miwili, hawezi kubana chupa kwa midomo.
Jibu: Huyo anahitaji spesa yenye barakoa, mama. Ibane usoni isivuje pembeni.

Swali: Salbutamoli inanitosha. Beklometasoni ya nini?
Jibu: Salbutamoli hufungua njia ya hewa kwa saa chache, uvimbe wa ndani haiugusi. Beklometasoni ndiyo hutuliza uvimbe huo, nayo hutumika kila siku, hata ukijiona mzima. Sukutua na kutema kila ukimaliza, la sivyo utapata fangasi mdomoni. Ili usichanganye hizo mbili, soma jina kwenye inhela, usitegemee rangi yake.

Swali: Nikibanwa ghafla?
Jibu: Mtu mzima: salbutamoli mipulizo 4 hadi 10, mmoja mmoja, rudia kila dakika 20 ndani ya saa ya kwanza. Ukishindwa kumaliza sentensi au midomo ikiwa ya bluu, usihesabu dakika. Endelea kupuliza mkiwa njiani kwenda hospitali.

Swali: Kuanika godoro juani kunatosha kuzuia mzio?
Jibu: Jua huua utitiri wa vumbi, vidudu vidogo mno vinavyoishi godoroni, lakini kinachokusumbua zaidi ni kinyesi chake, nacho hubaki. Fua shuka na foronya kila wiki kwa maji ya nyuzi 60.