SOMO: Kufuatilia mipaka ya jimbo lililofutwa, tukianza na Birmingham West

Ukisoma habari za Joseph Chamberlain, yule Waziri wa Makoloni wa Uingereza aliyeshuka Mombasa mwaka 1902, utamkuta ameandikwa mbunge wa Birmingham, halafu mbunge wa Birmingham West. Wengi hudhani alihama jimbo. Hakuhama. Mipaka ndiyo iliyohama, na nimeona makala nyingi zikiharibika kwa kosa hili.

Hatua ya 1. Anza na sheria, ramani baadaye. Kabla ya 1832 Birmingham haikuwa na mbunge wake. Ilihesabiwa ndani ya kaunti ya Warwickshire. Sheria ya 1832 ikaipa viti viwili. Zinazofuata ni za 1867, 1885, 1918 na 1948.

Hatua ya 2. Andika maeneo yaliyotajwa, moja moja. Hapa msifanye haraka. Jimbo la 1832 lilikuwa parokia ya Birmingham, parokia ya Edgbaston, na vitongoji vya Bordesley, Deritend na Duddeston-cum-Nechells. Vitongoji hivyo vitatu vilimegwa kutoka parokia ya Aston, ambayo sehemu yake iliyosalia ikabaki nje ya jimbo. Kwa hiyo mtu aweza kuwa wa parokia ya Aston na bado akapiga kura Birmingham, na jirani yake asiweze.

Hatua ya 3. Usichanganye viti na mipaka. Mwaka 1867 kiliongezwa kiti cha tatu, huku kila mpiga kura akiwa na kura mbili tu. Waliberali, yaani watu wa chama cha Liberal, wakawapanga wafuasi wao kata kwa kata, wakachukua vyote vitatu.

Hatua ya 4. Mwaka 1885 jimbo likakatwa vipande saba, kila kimoja na mbunge wake: Bordesley, Central, East, Edgbaston, North, South na West. Chamberlain akashika West, mbunge mwenzake John Bright akaenda Central.

Hatua ya 5. Tazama jiji lilipopanuka. Mwaka 1911 Birmingham iliimeza Aston Manor, Handsworth, Erdington, Yardley, King's Norton na Northfield. Ndiyo maana mwaka 1918 majimbo yakawa 12. West ilibaki na jina lake, lakini soma upya kata zilizotajwa. Ilifutwa mwaka 1950.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, naweza kulinganisha kura za West za 1906 na 1929?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mwaka 1918 wanawake wa miaka 30 na zaidi walianza kupiga kura, na 1928 wakapewa haki ya kura sawa na wanaume. Austen Chamberlain, mwana wa Joseph, alishinda West 1929 kwa kura 43 tu. Usizipime kwa mizani ya baba yake.

Swali: Mbona ilipita miaka 33, kutoka 1885 hadi 1918, bila kugawa upya?
Jibu: Hapakuwa na tume ya kudumu. Kila mgawanyo ulingoja Bunge litunge sheria. Tume za kudumu zilianzishwa kwa sheria ya 1944.

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Aston. Mwaka 1900 mtaa huu ulikuwa jimbo gani?
Jibu: Marahaba. Kama ni Aston Manor, ilikuwa jimbo lake lenyewe kuanzia 1885 hadi 1918. Kabla ya hapo ilikuwa North Warwickshire, basi daftari za wapiga kura za miaka hiyo zitafute kwenye kumbukumbu za kaunti.