Daftari langu la dawa baada ya upasuaji wa mgongo

Nilipotoka hospitali, pingili mbili za kiuno zikiwa zimeunganishwa kwa skrubu, nilipewa dawa nne. Siku ya kwanza nikajifanya shujaa: nikimeza pale tu maumivu yakinishinda. Usiku nilijuta. Maumivu yakishapanda, kidonge kinachukua muda mrefu kuyashusha, nawe umelala unahesabu mabati.

Kesho yake nikachukua daftari, nikachora safu nne.

Safu ya kwanza parasetamoli. Hii inaliwa kwa saa, uumwe usiumwe. Nilipangiwa vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa sita: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Jumla gramu 4, na huo ndio ukomo wa mtu mzima kwa siku. Mwenye uzito mdogo au ini lenye shida hupangiwa pungufu. Watu huidharau. Mimi nilipoiacha nusu siku ndipo nilipojua ilikuwa inabeba mzigo kiasi gani.

Ya pili gabapentini, ya ule moto unaoteremka mguuni. Ya tatu tramadoli, dawa kali ya maumivu, ambayo sikuitumia kwa saa bali kwa kazi: naimeza kama saa moja kabla ya kuamka kufanya mazoezi ya kutembea. Hizi mbili, gabapentini na tramadoli, zote zinaleta usingizi, na zikikutana zinaweza kupunguza pumzi. Kwa hiyo pombe marufuku, dawa za usingizi marufuku, na usiongeze dozi kwa kubahatisha. Kama unatumia dawa za sonona, mwambie daktari kabla ya kugusa tramadoli, maana kuna zisizopatana nayo.

Safu ya nne dawa ya kulainisha choo. Usicheke. Tramadoli inafunga tumbo, na kusukuma choo kigumu na mshono mgongoni ni adhabu. Mimi nilianza siku ya nne. Wewe anza siku ya kwanza.

Shemeji aliniletea ibuprofeni, dawa ya maumivu ya kundi la kupunguza uvimbe, kwa moyo mwema. Nikampigia daktari kwanza, akanikataza, kwa sababu mifupa yangu ilikuwa bado inaungana na kundi hilo la dawa linaweza kuchelewesha. Kuna wagonjwa wengine wa mgongo wanaoruhusiwa, lakini anayeruhusu ni aliyekupasua, naye ataulizia figo na vidonda vya tumbo.

Kosa lililonitisha ni hili. Mafua yalinibana, nikameza dawa ya mafua mara mbili, kisha nikasoma maandishi madogo ubavuni mwa boksi: parasetamoli, ndani kwa ndani. Nikaruka dozi yangu ya jioni na kumpigia mfamasia. Tangu hapo daftarini naandika jina la dawa yenyewe, siyo jina la boksi.

Wiki ya tatu tulianza kupunguza: tramadoli kwanza, kisha gabapentini kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari (haikatwi ghafla), parasetamoli mwisho.

Kwenye jalada nilimwandikia mke wangu kwa kalamu nyekundu dalili za hatari kwa mgonjwa: haamki akiitwa au anapumua kwa shida, miguu imelegea, ganzi katikati ya mapaja, mkojo umegoma au unatoka wenyewe, homa, kidonda kinavuja. Lolote kati ya hayo, hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.