Andikeni historia ya msikiti wenu kabla hamjaandikiwa na wengine

Ndugu zangu mlio kwenye kamati za misikiti ya zamani huku pwani, hii ni yenu, maana nimeona mengi yakipotea na inauma. Mzee anafariki, fundi anapiga plasta juu ya maandishi, miaka kumi baadae anakuja mtu anasema msikiti huu kajenga babu yake na hakuna wa kumjibu.

Anzeni na wazee, wiki hii hii. Simu inatosha, isogezeni karibu, zimeni feni, na mzee aachiwe lahaja yake, kama ni Kiamu au Kimakunduchi msimsahihishe. Ila swali moja msilisahau: hili ulilisikia kwa nani? Sanad tunaijua tangu chuoni, hadithi tunauliza imepokelewa kwa nani kutoka kwa nani, sasa historia ya msikiti mbona tunaimeza tu? Andikeni jina la msemaji, aliyemsimulia, na tarehe. Kina mama nao waulizwe jamani, wao ndio wanaojua nani alizaliwa kwa nani na nani alikuwa anapika maulidi mwaka gani, na mara nyingi hawafuatwi kabisa.

Masimulizi yakipingana andikeni yote mawili. Msichague. Hata historia ya Kilwa imetufikia kwa matoleo mawili, la Kireno ndani ya kitabu cha João de Barros cha 1552 na lingine la Kiarabu, na hayalingani kila mahali, lakini kwa kuwa yote yapo mtu anaweza kuyapima.

Maandishi ya kwenye kibla na makaburi yapigeni picha usiku, tochi imulike kutoka ubavuni, herufi zinajitokeza zenyewe kwa kivuli, na rula iwekwe pembeni ili ukubwa uonekane. Kusugua kwa sabuni au kupaka chokaa ili zisomeke, hapana, mnaziua.

Hapa naomba mnielewe vizuri. Kwenye msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Hayo ni kweli kabisa, lakini jengo lilijengwa upya karne ya 18, kwa hiyo ukimwambia mgeni kuta zote hizi zina miaka 900 umetia chumvi, na siku akigundua atatilia shaka hata ile 1107 ambayo ni ya kweli. Kupamba nako ni kupotosha, tena kunakotoka kwetu wenyewe ndiko kunakotuumiza zaidi.

Enzi za ukoloni waandishi wa kikoloni waliandika kwamba miji yetu ni kazi ya wageni tu. Kule Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine midogo ya miti na udongo, ya mwanzo ni ya karne ya 8, yaani watu walianza kidogo kidogo hapo hapo na wakakua. Kwa hiyo mkitaka kuvunja na kujenga upya, waiteni kwanza watu wa mambo ya kale, msichimbe wenyewe.

Makaratasi sasa, hati za wakfu, vitabu vya mkono, barua. Msipige laminesheni, msibandike selotepu, wekeni pakavu na mpige picha kila ukurasa hata ulio mtupu. Msikiti wa Riyadha kule Lamu, wa Habib Swaleh, hati zake zilipigwa picha zikawekwa mtandaoni na zenyewe zikabaki Lamu, na huo ndio mpango wa kuiga, mtu akija kuwaomba "aziazime" mpeni picha. Kopi ziwe tatu, moja msikitini, moja kwa mtu wa mji mwingine, moja mtandaoni.

Mkimaliza, someni yote mbele ya watu baada ya Ijumaa, watoto wa madrasa wawepo, na kwenye daftari kila ukurasa wa kulia uachwe mtupu kwa ajili ya atakayesimama na kusema hapo mmekosea.