Somo: Kupinga adhabu ya gerezani mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya

Mfungwa akishtakiwa kuvunja kanuni za gereza, anayemhukumu ni mkuu wa gereza, si hakimu. Adhabu inayouma zaidi ni kunyang'anywa siku za punguzo la theluthi ya kifungo, ambalo Sheria ya Magereza humpa mwenye kifungo cha zaidi ya mwezi mmoja kwa bidii na mwenendo mwema. Siku hizo ni uhuru wa mtu, na jaji ana uwezo wa kuzirudisha.

1. Tafuta karatasi. Alisomewa shtaka lini? Aliachwa ajitetee? Nani aliamua? Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inampa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Ombeni kwa barua, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

2. Lalamikeni kwanza ndani ya idara ya magereza. Sheria ya 2015 kuhusu uamuzi wa haki wa kiutawala inataka hivyo, isipokuwa jaji awaondolee sharti hilo kwa sababu nzito.

3. Nendeni Mahakama Kuu. Hapa ndipo wengi huteleza: hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi yaliyoapiwa, yote inasema "hakufanya." Jaji hasikizi upya kesi ya gerezani, anachunguza jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Andikeni kwamba hakuelezwa kosa, kwamba aliyemshtaki ndiye aliyemhukumu, au kwamba adhabu imepita kiwango cha sheria. Kila jambo na tarehe yake. Amri ya kufuta uamuzi huombwa ndani ya miezi 6, kwa hiyo msingoje.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kaka yangu hajui kuandika na wakili hatuna. Naweza kumfungulia kesi mimi?

Jibu: Unaweza, dada. Ibara ya 22 ya Katiba inaruhusu kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe. Ombi la aina hiyo halitozwi ada ya kufungua, na hata barua ya kawaida inaweza kupokelewa. Ulizia pia wafungwa waliofunzwa usaidizi wa sheria na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria. Wapo katika magereza ya Kamiti na Shimo la Tewa.

Swali: Tukishinda, atatoka siku hiyohiyo?

Jibu: Si lazima. Jaji anaweza kuagiza gereza lisikilize shauri upya kwa utaratibu. Lakini kama siku zikirudishwa muda wake unakuwa umeisha, ombeni aachiliwe, na ombi hilo liandikwe tangu mwanzo.