Kolaji ya kutua mzigo wa mawazo

Kolaji ni picha inayoundwa kwa kubandika vipande vya picha nyingine kwenye karatasi. Andaa karatasi ngumu ya A4 (gramu 200 kwa mita ya mraba au zaidi), majarida matatu au manne ya zamani, mkasi, gundi nyeupe ya maji na brashi bapa. Tenga dakika 45, simu iwe mbali. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 kalamu za rangi, udongo na vifaa vya kolaji kwa muda kama huo. Kwa takribani robo tatu yao, kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka, na uzoefu wa sanaa haukuleta tofauti. Kwa hiyo usiseme hujui kuchora. Hapa hakuna kuchora.

Dakika 10 za kwanza ni za kukusanya tu. Pekua haraka, chana kila picha inayokuvuta, hata inayokukera. Wengi hukwama hapa kwa sababu huanza kusoma makala. Ukijikuta aya ya pili, funua ukurasa. Zikifika picha 20 hivi, bakiza saba au nane. Kichwa kilichochoka hakihitaji maamuzi mengine lukuki.

Karatasi ya jarida huchanika kwa unyoofu upande mmoja na kombokombo upande mwingine, kwa jinsi nyuzi zake zilivyolala. Usishindane nayo. Panapohitaji unyoofu, tumia mkasi.

Sasa panga vipande bila gundi, vikubwa chini, vidogo juu. Hapa usiharakishe, maana ndipo penye nafuu yenyewe: jambo linalokusumbua unaweza kulikata liwe dogo, kulisukuma pembeni, kulifunika nusu, kisha kulirudisha ukitaka. Ukiridhika, weka alama za penseli kwenye karatasi ngumu, penye pembe za vipande, kwani vitahama ukianza kubandika.

Changanya gundi sehemu mbili na maji sehemu moja. Paka mgongo wa kipande kuanzia katikati kwenda kingoni, ngoja nusu dakika, ndipo ubandike. Karatasi ikinywa maji hutanuka. Ukibandika papo hapo itatanukia juu ya kolaji na kufanya mikunjo. Kandamiza kwa kitambaa kikavu. Kiputo kikibaki, kitoboe kwa sindano. Kolaji ikijikunja kama bakuli, bandika karatasi tupu nyuma, funika kwa plastiki, lundika vitabu vizito juu yake usiku kucha. Vipande vya gazeti vitageuka manjano. Kama hilo litakuudhi, usivitumie.

Ikikauka, ipe jina, andika sentensi tatu: kilichonivuta, nilichokiweka mbali, kilichokosa nafasi. Mkifanya pamoja, kolaji ya mwenzako usimtafsirie.

Picha ikikuamshia kumbukumbu nzito mpaka pumzi ikabana, igeuze kifudifudi, simama, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, uishie hapo kwa siku hiyo. Ikijirudia, mwone mshauri nasaha au mtaalamu aliyesomea tiba ya sanaa, na uende na kolaji yako.